Kaenda Potwe

Niseme mapema ili msomaji asikae roho juu: mwanangu yuko hai, mzima wa afya, na jana tu tumebishana kwenye simu kuhusu nywele zake. Naandika haya nimeshiba matoke, nimekaa barazani kwangu Hamugembe, miguu nimeiweka juu ya kigoda. Lakini Novemba iliyopita kuna siku moja ambayo kuanzia saa saba mchana hadi magharibi nilikuwa mama aliyefiwa. Hakuna aliyenifanyia hivyo. Nilijifanyia mwenyewe, kwa sikio langu na kiburi changu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha sayansi shule za msingi, miaka mingi Muleba, nyumbani kwetu Buganguzi, na ile ya mwisho hapa mjini Bukoba. Nimestaafu mimi, sauti ya darasani bado haijastaafu. Hasira zangu ziko karibu na ulimi uko karibu zaidi, majirani wote wanajua, na wengine wameshaonja.

Katika kitabu cha sayansi tulichokitumia kulikuwa na picha ya papa, mdomo wazi, meno yamepangana. Watoto niliowafundisha walikuwa wa ziwani, samaki mkubwa wanaomjua ni sangara, kwa hiyo papa niliwaeleza kwa kifupi: samaki wa baharini, mkubwa, mkali, anakula watu. Mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza, kama anakula watu, mbona kanisani tunamwombea. Kwetu huku neno hilo watu hulisikia kwa padri kabla ya kulisikia kwa mwalimu, na Papa wa padri anakaa Roma. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na darasa likacheka, na kengele ikalia kabla sijaongeza chochote. Basi hiyo ndiyo elimu yangu yote kuhusu papa, mdomo na meno, na kwa elimu hiyo nikamhukumu binti yangu.

Ninaye huyo mmoja tu. Baba yake alifariki mtoto akiwa darasa la pili, tukabaki wawili, tukaleana. Alipochaguliwa chuo kikuu kusomea mambo ya samaki nilifurahi sana, kwa sababu mwisho wa safari niliuona wazi: ofisi ya uvuvi, Muleba au hapa hapa Bukoba, anapima sangara, anakamata nyavu haramu, Jumapili anakula kwangu. Nilishamchagulia hata chumba. Mwaka jana, mwezi wa saba, akaja na barua mkononi. Amepata kazi kisiwani Mafia. Nikamwuliza kazi gani. Akasema ya kuhesabu papa.

Nilicheka kwanza, nikidhani ananitania. Aliponikabidhi barua nisome mwenyewe, nikapandisha sauti. Nilimwuliza tangu lini mtu akachukua digrii ili akahesabu kitu kitakachomla. Akajaribu kunieleza kwa upole kwamba hawa anaowaendea si wale wa kitabuni, hawa ni wakubwa kuliko wote, kupita hata basi dogo, lakini hawali watu, wanakula dagaa na vijidudu vidogo vya majini. Hapo ndipo aliponiudhi kabisa. Dagaa? Mimi ni mtu wa ziwani, dagaa nawajua, nikamwambia asinifanye mtoto: samaki mkubwa kuliko basi dogo hawezi kushiba dagaa. Nikaona ananidanganya ili nilale usingizi. Tulikaa wiki mbili ndani ya nyumba moja tukisalimiana tu.

Asubuhi ya kuondoka, begi limeshafungwa kwenye bodaboda na majirani wawili watatu wametoka kumuaga, nilimwambia hivi, kwa sauti ya kusikika na wote: "Ukiliwa huko, usinipigie simu." Watu walicheka. Kwangu watu huwa wanacheka, wamezoea. Yeye hakucheka, alinipa mkono tu akapanda pikipiki.

Mwanzoni alipiga kila Jumapili. Nilikuwa napokea, najibu nzima, hapa mvua, kwaheri. Baadaye akawa ananitumia picha na meseji za sauti, nami sikuzifungua. Nilijiambia nabana bando. Uongo mtupu. Bando la kutazama kwaya na mapishi ninalo kila siku. Nilichokuwa nangoja ni yeye aseme mama ulikuwa sahihi, narudi nyumbani. Hakusema. Mwishoni mwa mwezi wa kumi simu za Jumapili zikakoma, na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikaona akome tu, tuone nani atachoka. Wiki tatu zikapita hivyo.

Siku hiyo ninayoisema nilikuwa Buganguzi kwa mdogo wangu, kwenye kibanja alichotuachia baba. Mdogo wangu ananunua dagaa kisiwani Bumbire, anawaleta bara. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana dagaa hawaifuati taa wakati anga lote linawaka, na yeye huvuka kuja nyumbani kupumzika. Ulikuwa msimu wa senene. Tulikuwa tumekaa uani, mimi na mke wake tunanyonyoa mabawa na miguu, sinia limejaa, yeye anaparua mpini wa jembe. Katikati ya maongezi akaniuliza habari za mpwa wake. Nikasema sijui. Akauliza sijui vipi. Nikasema hatujaongea wiki ya tatu sasa, kama ana shida atapiga.

Mdogo wangu si mtu wa kunipinga. Nimemlea mgongoni, na hata leo ananiogopa kidogo. Lakini aliweka lile jembe chini. "Dada," akasema, "mtu wa majini huulizwa kila siku."

Alisema hilo tu, akaokota jembe akaendelea. Niliona aibu mbele ya wifi yangu. Nikafuta mikono, nikachukua simu, nikapanda juu ya kibanja karibu na mibuni, ndiko mtandao unakoshika kidogo. Nilijiambia napiga ili kumnyamazisha mdogo wangu. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa nimemkumbuka mwanangu mpaka nilikuwa naumwa.

Simu yake haikupatikana. Nikapiga tena, haikupatikana. Nikatafuta namba ya mama mwenye nyumba anayoishi kule, namba ambayo binti yangu alinilazimisha kuiandika kabla hajaondoka na ambayo sikuwahi kuipiga. Huyo akapokea mara moja. Anaongea haraka, Kiswahili cha kwao, kinateleza, na nyuma yake nasikia mafuta yanachemka. Aliniamkia, akafurahi kunijua, akasema anakaanga samaki, akaniuliza hali ya huku, mvua, ndizi, akanisifia mtoto kwamba ana adabu. Mtandao ulikuwa unakatakata. Nikamwuliza yuko wapi sasa mbona hapatikani. Akajibu, na nilichosikia ni hiki: kapotea, huko baharini, toka asubuhi, bado hajarudi. Kisha simu ikakatika.

Nilipiga tena. Haipatikani. Nikapiga na kupiga huku nikizunguka kwenye mibuni nikitafuta mahali ambapo mtandao ungenihurumia. Kisha nikakaa chini kwenye majani makavu ya migomba. Nimezika mume na wazazi wawili, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Na katika woga ule kilichokuwa kinanirudia ni sauti yangu mwenyewe mbele ya bodaboda, ukiliwa huko usinipigie simu. Nilimwambia Mungu achukue chochote. Nyumba, kibanja, macho yangu, achukue, aniachie huyu.

Mdogo wangu alinikuta pale. Nilipomweleza hakulia. Alichuchumaa mbele yangu akaanza kuuliza maswali, moja baada ya jingine, kama wanavyofanya Bumbire mtumbwi ukichelewa. Chombo alichotoka nacho ni cha namna gani? Kina injini moja au mbili? Kuna makasia ya akiba? Wako wangapi? Wana maboya? Mtoto anajua kuogelea kiasi gani? Miezi mitatu mwanangu anafanya kazi majini na sijawahi kumwuliza kama anavaa boya. Nilichoweza kumwambia ni kwamba alikwenda kwenye papa. Mdogo wangu akafumba macho.

Barua ya kazi yake, yenye namba za ofisi, ilikuwa kwenye droo yangu Hamugembe. Ikabidi turudi mjini. Alinipakia kwenye pikipiki hadi barabarani, tukapata gari, na njia nzima nilisali rozari bila rozari, nahesabu kwa vidole na vidole vinanichanganya. Mdogo wangu alimpigia mke wake kumwambia tumeshapata gari, mke wake akampigia shemeji yake wa Hamugembe, na kwetu huku habari haihitaji barabara. Tulipofika saa kumi na moja kasorobo, viti vilikuwa vimeshatolewa uani kwangu. Mikeka imetandikwa. Mtu amewasha moto. Wanawake walisimama wote waliponiona, wakashika vichwa. Nilitaka kuwafokea niwaulize nani amekufa, halafu nikakumbuka kwamba ni mimi niliyeleta habari.

Ile barua niliipata. Ilikuwa Jumamosi, simu ya ofisi ililia mpaka ikajikata yenyewe. Mdogo wangu alitazama saa akatazama jua, akasema kwa sauti ya chini kwamba kule Mafia ni mashariki, giza linaingia mapema kuliko huku. Angekaa nalo moyoni, lakini ndivyo alivyo, kichwa chake kilikuwa kimeshatoka na boti ya kutafuta.

Hapo ndipo alipoingia jirani yangu wa ukuta mmoja. Ni fundi cherehani, Mwislamu, mtu wa hapa hapa Bukoba, ila babu yake alitoka pwani akaja kufanya biashara akaoa huku, na nyumba ile haijaacha mambo yake. Kila mwaka wanaletewa papa mkavu kwenye kiroba, na kila mwaka nalalamikia harufu, na kila mwaka ananiambia nihame mimi. Aliingia na utepe wa kupimia shingoni. Hakulia. Alisogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana.

"Mwalimu, huyo mama alisema neno gani? Usinifasirie. Nitajie lilivyotoka."

Nikamtajia. Kapotea, huko baharini, toka asubuhi, bado hajarudi. Akauliza kabla ya hapo tuliongea nini. Nilikasirika, nikaona anataka udaku wa msiba. Lakini nikamwambia: salamu, mvua, ndizi, alikuwa anakaanga samaki, akamsifia mtoto adabu. Akauliza kama yule mama alinipa pole. Nikasema hapana. Akauliza kama aliniambia nikae chini kwanza, au aliuliza niko na nani, au alitafuta mwanamume wa kuongea naye. Nikasema hakufanya hata kimoja, sauti yake ilikuwa ya mtu anayefukuza paka jikoni.

Jirani yangu aliinamisha kichwa. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani sasa analia. Kumbe anacheka. Wallahi nilikuwa nimeshanyanyua mkono. Akaudaka huo mkono, akaushika kwa mikono yake miwili, akaniambia watu wa babu yake anawajua: wangekuwa wamempoteza mtoto wa watu baharini, yule mama asingeweza hata kuuliza habari za ndizi. Wangenizungusha nusu saa kabla ya kulitaja, na wangempa mzee alitaje. Mtu hasemi hivyo huku anageuza samaki.

"Hakusema kapotea," akasema. "Kasema kaenda potwe."

Nikamwuliza potwe ni mdudu gani. Akasema ndiye huyo papa wenu, yule mkubwa wa madoa madoa, mpole, babu yake alikuwa akiwasimulia kwamba wavuvi humpita karibu na yeye hata hashughuliki nao. Watu wa kule huenda kumtazama. Anayekwenda kumtazama anaaga hivyo, nakwenda potwe, kama mtu wa hapa anavyosema nakwenda shamba.

Sikuamini. Niliogopa kuamini, maana nikiamini halafu isiwe hivyo, ningekufa mara ya pili. Yeye akanyoosha kiganja akaomba simu yangu. Akauliza mtoto alinitumia nini siku hizo. Nikamwonyesha. Meseji za sauti tisa, zote hazijasikilizwa, zimepangana na vijialama vyake. Jirani yangu alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau, akabonyeza ile ya kwanza kabisa. Sauti ya mwanangu ikatoka, inahema, ina furaha: "Mama, leo nimemwona potwe wangu wa kwanza."

Wiki sita lile neno lilikuwa mfukoni mwangu. Ningekuwa nimefungua meseji moja tu, ya kwanza, sekunde tatu za mwanzo, watu wasingetandika mikeka kwangu. Nililia hapo kwa sauti, na wanawake wengine wakapokea, wakidhani msiba umethibitika. Ikabidi jirani asimame awaeleze kwamba huko si kufiwa, ni msamiati.

Hata hivyo jua lilikuwa linashuka na mtoto alikuwa bado hajarudi. Potwe au asiye potwe, maji ni maji. Tulikaa tukiisikiliza meseji ya pili, ya tatu, ya nne, watu wote, hakuna aliyeondoka. Adhana ya magharibi ilikuwa inamalizika pale msikitini simu ilipolia mkononi mwa jirani, na jina lililokuwa kwenye kioo lilikuwa la mwanangu.

Aliniuliza kuna nini, amekuta simu zangu kumi na nne. Kilichonitoka, kwa ile sauti yangu ya darasani, ni kumwuliza kama amekula.

Akajibu bado. Kisha akasema, "Mama, tangu nifike huku, leo ndiyo mara ya kwanza umenipigia."

Nikamweleza kila kitu, kapotea na potwe, mikeka, mjomba wake na maswali yake. Alicheka, akacheka mpaka akakohoa, kisha kicheko kikakatika ghafla, akasema kwa taratibu kwamba lile neno la kuliwa alilibeba tangu Hamugembe mpaka Mafia, na kila akishuka majini analisikia. Watu wa pale uani walikuwa wanasikia upande wangu tu. Nikasema mbele yao wote nisamehe, mwanangu. Nimefundisha maisha yangu yote na sikuwahi kumwomba mtoto msamaha, si wangu wala wa mwenzangu. Alisema yameisha. Hapo nikagundua kwamba tangu saa saba mchana sikuwa nimekunywa hata maji.

Basi uani kukageuka. Waliokuja kulia wakabaki kula. Lile sinia la senene lililotoka Buganguzi, ambalo wifi yangu alilifunika akalifunga kwenye pikipiki akiwa hajui afanye nini kingine, likakaangwa pale pale kwenye moto wa msiba, chai ikachemshwa, na mdogo wangu akaniambia weka sauti kubwa na sisi tusikie. Nikaweka simu katikati ya meza.

Mwanangu akaeleza kilichowachelewesha. Kule nako wapo wavuvi wa dagaa, na potwe anakuja kwa sababu ya hao hao dagaa, kwa hiyo wavuvi na yeye wanakutana kazini. Asubuhi ile walikuta potwe mmoja ameingia ndani ya wavu uliozungushiwa dagaa, na kipande cha kamba kimemkaza mkiani. Kijana tu, alisema, mita sita hivi, maana wakubwa wanapita mita kumi. Wale wavuvi waliuteremsha wavu upande mmoja ili apite, na dagaa wote wakapita naye. Halafu mwanangu na wenzake wakashinda majini wakimfuata polepole mpaka ile kamba ikakatwa. Mdogo wangu alimkatiza. Alitaka kuhakikisha amesikia vizuri: wavuvi wameachia dagaa wao wenyewe, wavu umejaa, kwa ajili ya samaki ambaye hawatamla? Mwanangu akasema ndiyo, Mjomba, si mara ya kwanza. Mdogo wangu akaegemea kiti akatikisa kichwa muda mrefu. Mpaka leo kila akirudi Bumbire anawasimulia, na hawamwamini.

Sasa mwalimu nikawa mwanafunzi. Niliuliza meno. Akasema anayo, maelfu, madogo madogo, hayamsaidii kula. Anafungua mdomo upana wa mlango, anaogelea taratibu, maji yanapita, yanachujwa kwenye matamvua, dagaa na vijidudu vinabaki. Niliuliza wanawahesabuje bila kumhesabu mmoja mara mbili, swali la mtu aliyewahi kuhesabu watoto kwenye safari ya shule. Akasema kila mmoja ana madoa yake meupe ambayo hayafanani na ya mwingine. Wanampiga picha ubavuni, nyuma ya matamvua, wanalinganisha, na yupo waliyempiga picha miaka mingi iliyopita ambaye bado anarudi. Niliuliza anaishi miaka mingapi. Akasema hakuna mwenye hakika, huenda akafika mia, wataalamu bado wanabishana. Wanachojua ni kwamba anachelewa mno kuzaa, huenda miaka ishirini na kitu au thelathini, kwa hiyo akiuawa mmoja leo na nyavu au akigongwa na meli, pengo lake linachukua umri wa mtu mzima kuzibika. Ndiyo maana wanawahesabu.

Nikamwuliza na wale wa kitabuni je, wenye meno ya kweli. Akacheka. Akasema hata hao mara nyingi mtu wanampita tu, na wengi wao nao wanachelewa kuzaa vivyo hivyo, na wanakwisha kwa sababu ya mapezi yao yanayouzwa ghali. Mama, akasema, wao ndio wanaotuogopa na wana haki. Niliwafikiria watoto wote niliowafundisha Muleba, watu wazima sasa, mmoja ni diwani, wote wana papa wangu kichwani. Siwezi kuwafuata nyumba hadi nyumba. Nimeandika hapa, atakayesoma amwambie mwenzake.

Watu wakaanza kuaga. Jirani akakunja mikeka yangu, akasema mwaka huu kiroba chake cha papa kikifika sitaki kusikia neno, kisha akafikiri akasema labda mwaka huu hata hataagiza. Mdogo wangu alisinzia kwenye kiti. Nikaondoa sauti kubwa, nikaiweka simu sikioni, tukabaki wawili.

Nilimwuliza kama wapo wadogo huko, watoto wa potwe, maana kitu kikubwa hivyo watoto wake lazima wapendeze. Akasema ndilo jambo linalomsumbua hata akilala. Wanaowaona kule ni vijana, wengi madume, bado hawajakomaa. Watoto wachanga ni nadra kuonekana popote duniani, na hakuna mtu aliyewahi kumwona potwe akizaa.

"Na mama zao?" nikamwuliza.

"Hatujui, Mama. Vijana wako hapa peke yao. Mama zao hatujui wako wapi."

"Wa kwako yuko Hamugembe," nikamwambia.

Nikasikia anapenga kamasi, kisha mama mwenye nyumba anamwita akale, samaki wamepoa.